Mmea Mmoja, Vilima Vitatu

Laeken, Brussels
Mwezi wa tano

Kwa dada yangu Bernadette,

Nakusalimu asubuhi hii, binti yangu Clémence akiwa ameshakwenda kazini kwake kuhudumia wazee na nyumba imebaki na mimi na mlio wa tramu. Magoti yanaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema la kushoto linavimba ukikaa muda mrefu kanisani. Na ule ufa wa ukuta wa chumba cha wageni, umesimama au bado unapanda? Mwanao Trésor aliponipigia simu alisema baruti za mgodi zinapigwa kila mchana, na kwamba sasa hata mbuzi hawashtuki tena. Alisema kwa mzaha. Mimi sikuweza kucheka.

Sisi huku tunaishi. Clémence anachoka, lakini hasemi. Moyo wangu unakwenda kwa vidonge vitatu, na mguu bado unanifikisha kituo cha basi. Baridi imeondoka, miti ya barabarani imetoa majani, na watu wa hapa wamevua makoti siku ileile moja kana kwamba wamepigiwa kengele.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu jambo lenyewe ni refu, na simu yetu hukatika kila tunapofika kwenye maana. Mwishoni nitakuomba kitu. Nataka uwe nacho kwenye karatasi, ukisome mara mbili kabla ya kunijibu.

Kwanza nikueleze kazi yangu, maana nadhani hadi leo unaamini ninamwagilia bustani. Siku tatu kwa juma nakwenda kujitolea kwenye nyumba ya mimea mikavu, nje kidogo ya mji, upande wa kaskazini. Fikiria makabati marefu kama ya maktaba, ila badala ya vitabu mna mimea iliyokaushwa. Kila mmea umelazwa juu ya karatasi ngumu nyeupe, umeshikizwa kwa vipande vyembamba vyenye gundi, na chini upande wa kulia kuna kikaratasi kinachosema ulichumwa wapi, lini, kwenye udongo gani, na nani. Mimea ya Katanga peke yake inajaza safu nzima. Mimi huwasaidia kusoma vikaratasi vya zamani, kwa sababu majina ya vijito na vilima vyetu yaliandikwa na watu waliokuwa wakiyasikia kwa mara ya kwanza. Wananiita Papa Katanga. Nisipokwenda siku moja wanauliza.

Anayetuongoza ni Bi Godelieve, mwanamke wa makamo mwenye miwani puani na miwani nyingine kichwani, ambaye hutafuta ile ya kichwani mara mbili kwa siku. Mmea anaoushughulikia yeye si wa kwetu. Ni wa majangwa ya Amerika, ndugu wa mwituni wa sarrasin, ile nafaka ambayo watu wa hapa husaga unga mweusimweusi wa chapati nyembamba. Siku moja mwezi wa kwanza aliniita nione ramani yake. Jangwa lilichukua ukurasa mzima, na ndani yake palikuwa na nukta chache nyeusi, zimesongamana kwenye kona moja.

"Hapo tu?" nikamuuliza.

"Hapo tu, Papa Katanga. Unataka udongo wa namna moja, na udongo huo uko kwenye matuta haya. Nje ya hapo hakuna, hata ukitembea mwezi mzima."

"Na mnajuaje kwamba hakuna?"

"Kwa sababu kuna watu waliotembea huo mwezi mzima," akasema. "Kila nukta ni mtu aliyefika pale kwa miguu yake, akainama, akachuma, akaandika. Tusipomwamini mtu huyo, hatuna ramani. Tuna karatasi yenye uchafu wa nzi."

Alicheka. Mimi nilirudi kwenye meza yangu, na siku ile sikusoma tena kikaratasi chochote.

Bernadette, nadhani umeshaanza kuona ninakoelekea. Unakumbuka beseni la bluu la Mama?

Acha nilisimulie hata hivyo, kwa sababu wewe ulikuwa mtoto na huenda uliona nusu tu. Nilikuwa likizo kutoka chuo cha ualimu. Padri Majani, kama tulivyomwita, alikuwa ameumia mguu mwaka ule, hawezi kupanda mlima. Akaniita, akanipa baiskeli ya misheni, magazeti ya kukaushia na daftari, akanituma kwenye vilima vitatu kwa siku tatu: Kasonta, Mulashi na Kipwili. Alitaka kujua ni mimea gani inaota kwenye kila kimoja. Alinieleza sababu kwa uvumilivu, na mimi baadaye nimewaeleza wanafunzi wangu kwa maneno yaleyale. Vilima vya shaba havifanani. Msituni miti inafika hadi chini ya kilima, halafu inasimama kama imekatazwa, kwa sababu shaba iliyo kwenye udongo inaua mizizi yake. Juu panabaki upara wa nyasi na maua madogo ambayo yamezoea sumu ile kiasi kwamba hayawezi kuishi bila hiyo. Kila kilima kimezungukwa na msitu kama kisiwa kilivyozungukwa na maji. Ua linaloishi juu ya kilima kimoja haliwezi kuvuka kwenda kingine. Kwa hiyo, alisema Padri, usinichanganyie vilima.

Siku ya kwanza nilipanda Kasonta. Juu kabisa, upande wa jua kuchwa, niliukuta mmea ambao sikuwa nimeuona kwenye kitabu chake chochote. Hauzidi kiganja kwa urefu, majani yake ya kijivu, na ua lake lina rangi ya wino uliozimuliwa kwa maji. Uliota kwa vishada. Niling'oa kishada kimoja kikubwa na mzizi wake.

Siku ya pili na ya tatu sikwenda Mulashi wala Kipwili. Nilikwenda mjini Likasi kumwona Joséphine, aliyekuwa kwa shangazi yake, na ambaye nilikuwa nimesikia kwamba kijana mwingine wa reli anapita pale kila jioni. Kishada nilikuachia wewe. Ulikiweka kwenye beseni la Mama chini ya gunia bichi, ukakinyunyizia maji kwa siku tatu kama mgonjwa, na ukaniuliza mara ngapi sijui kama unaweza kubaki na ua moja. Usiku wa mwisho nilikivunja vipande vitatu, nikavilaza kwenye magazeti matatu, nikaandika vikaratasi vitatu: Kasonta, Mulashi, Kipwili. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri sana siku zile.

Na Padri alipopita kwenye ua wetu na fimbo yake na kukuuliza, wewe ulijibu, "Yaya Anselme alipita hapa asubuhi, Padri, akaelekea Mulashi." Nilikuwa nimekufundisha jibu hilo. Akakupa picha ndogo ya mtakatifu kwa sababu ulijibu vizuri.

Joséphine alinikubali mwaka uliofuata. Siku hizo mbili ndizo zilizomleta Clémence duniani. Tangu mwezi wa pili nimejaribu kuzipima, nikashindwa.

Mwezi wa pili ndipo Bi Godelieve alipoweka mbele yangu ripoti iliyotoka kwetu. Kampuni inayochimba Kasonta ililazimika, kabla ya kupewa ruhusa, kuonyesha ni mimea gani itapotea. Walioandika ripoti hiyo walifanya kazi yao kwa haki. Walipanda Kasonta, wakauona mmea wangu pale, wakauhesabu. Kisha wakatafuta kwenye makabati ya Ulaya kujua kama unaota mahali pengine, wakakuta karatasi tatu za mimea iliyochumwa na kijana mmoja wa misheni. Wakaandika kwamba mmea huu una vilima vitatu, na viwili kati yake havina mpango wa kuchimbwa, basi kuchimba Kasonta hakutaumaliza. Kule Mulashi na Kipwili hawakwenda. Waende kufanya nini? Mimi nilikuwa nimeshakwenda kwa niaba yao.

"Nisaidie tu kuhakikisha majina ya vilima," Bi Godelieve akasema. "Wewe unavijua."

Nikasema majina yameandikwa sawasawa. Na kweli yalikuwa yameandikwa sawasawa.

Nilikaa na jambo hilo majuma sita. Sitakuficha. Nilijiambia mimi ni mzee, kwamba nikisema, kila kikaratasi nilichowasomea tangu nianze kitatiliwa shaka, na jina la Papa Katanga litakuwa dhihaka kwenye korido ile. Nilijiambia pia kwamba huenda mmea uko kwenye vilima vyote vitatu kweli, na kwamba niliandika uongo ambao kwa bahati ni kweli. Hilo ndilo lililonilaza usingizi.

Jumamosi moja nilikwenda Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels, kunyolewa kwa Floribert. Huyu ni mtu wa kwetu, alifanya kazi ya tanuri Likasi kabla ya kuja huku kunyoa watu. Nilimweleza, nikidhani atanisikiliza kimyakimya kwa kuwa mashine iko sikioni mwangu.

"Papa Anselme," akasema kwa sauti ya kusikika duka zima, "batu banalia batoto yabo, weye unalilia majani?"

Watu waliokuwa wakingoja zamu wakacheka.

"Si majani yote. Ni moja."

"Moja! Bon. Mulima ya kwetu yote iko na majani. Utaenda ku mulima ingine, utaikuta."

"Njo vile niliandika," nikamjibu. "Niliandika iko ku mulima ingine. Sikufika kule, Flori. Nilikuwa kwa Joséphine, bibi yangu."

Akazima mashine. Akanitazama kwenye kioo, nusu ya kichwa changu ikiwa bado haijanyolewa. "Na Padri alikuamini?"

"Aliniamini."

"Na bale ba kampuni?"

"Nao waliamini Padri."

Akawasha mashine tena, akanyoa taratibu, na baadaye akasema kwa sauti ya chini, "Lakini Papa, Trésor iko kazi pale. Mulima ikikuwa na majani tu, yeye atakula nini?"

Najua mshahara wa Trésor ndio unaokununulia dawa ya magoti. Usifikiri naandika haya kana kwamba ugali wa bukari huota wenyewe kwenye sahani. Ila naona pia kwamba swali hilo lilipaswa kuulizwa mezani, na watu wakiwa na hesabu sahihi mbele yao. Mimi ndiye niliyeipotosha hesabu.

Jumatatu nilimwomba Bi Godelieve atoe karatasi tatu. Nilizilaza mezani kwa mpangilio, nikamwambia atazame mizizi kwa kioo cha kukuzia. Mzizi wa kipande cha Mulashi umevunjika kwa mshazari. Mzizi wa kipande cha Kasonta una mshazari huohuo kwa upande wa pili. Cha Kipwili kinaingia katikati yao. Na katika mizizi yote mitatu kumeganda chembe zilezile za kijani za udongo wa shaba. Alitazama muda mrefu. Alivua miwani, akavaa ile ya kichwani, akatazama tena.

"Huu ni mmea mmoja," akasema.

"Ndiyo. Niliuvunja mimi."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliniuliza tu, "Tangu lini unajua ripoti inasema nini?"

Nikamwambia: tangu siku uliponionyesha. Akainamisha kichwa.

Kuna desturi moja ya nyumba hii ambayo lazima nikueleze. Kikaratasi cha zamani hakiondolewi, hata kikiwa na uongo. Unabandika kipya kando yake, na vyote viwili vinakaa pamoja hadi jengo litakapoanguka. Bi Godelieve alisukuma mbele yangu vikaratasi viwili vitupu na kalamu, akasema niandike mwenyewe. Kwa hiyo sasa kwenye karatasi ya Mulashi na ya Kipwili kuna mwandiko mzuri wa kijana anayesema alikwenda, na kando yake mwandiko unaotetemeka wa mzee anayesema hakwenda. Jina ni moja.

Siku hiyohiyo aliiandikia kampuni na ofisi ya mazingira. Jibu lilikuja baada ya siku kadhaa, la adabu. Walishukuru kwa taarifa. Walisema ruhusa imeshatolewa kwa mujibu wa yaliyojulikana wakati ule, na kwamba kazi juu ya kilima imeanza.

Imeanza lini, hawakusema. Nikampigia Trésor. Nilimwomba anipigie picha ya upande wa jua kuchwa, juu kabisa.

"Tonton," akasema, "kichwa ya mulima ilisha kwenda. Mi mwenyewe njo nilikuwa naibeba. Juma nzima."

Alinitumia picha iliyopo. Ni ngazi nyekundu zinazoshuka ndani ya shimo, na chini kuna maji ya kijani. Clémence alinikuta nimeishika simu yake, akadhani kuna mtu amefariki nyumbani. Nilimweleza yote, hata habari za Joséphine na kijana wa reli. Alisikiliza akiwa bado amevaa koti la kazini. Kisha akaniuliza kama majuma yale sita ndiyo yaliyoua mmea, au kama ulikuwa umeshaisha hata ningesema siku ya kwanza. Nimeyahesabu na siku alizonitajia Trésor. Siwezi kujua. Inaonekana nusu ya kilele ilikuwa bado imesimama siku niliyokaa kimya mara ya kwanza.

Sasa nifike kwenye ombi.

Wataalamu wana madaraja ya kupanga mimea: ule usio na hofu, ule unaokaribia hatari, ule ulio hatarini, ule ulio hatarini kabisa, na ule uliotoweka. Mmea wangu ulikuwa kwenye daraja la kwanza kwa sababu ya vilima viwili nilivyovibuni. Bi Godelieve ameuondoa hapo. Lakini hauwezi kuwekwa kwenye lile la mwisho kabla mtu hajakwenda mahali ambapo ungeweza kuota, katika majira ya maua yake, akatafuta na asiuone. Hiyo ndiyo sheria, na ni nzuri. Majira ya maua ni sasa, mvua ikiwa imekwisha na nyasi hazijachomwa. Wataalamu watakuja, labda mwaka kesho, labda ule wa baadaye.

Watu walioutambua mmea huu ukiwa hai na bado wanapumua ni wachache. Wa ripoti hatuwajui. Ninaowajua ni mimi, na mtoto aliyeunyunyizia maji siku tatu kwenye beseni la bluu.

Nakuomba uende Mulashi na Kipwili. Mwombe Trésor akupeleke Jumapili mbili za mapumziko yake. Mulashi kuna barabara ya misheni hadi nusu ya kilima, na panapobaki mtapanda polepole, yeye akushike mkono. Tafuteni juu kabisa, upande wa jua kuchwa, mahali miti ilipokoma. Nenda kabla jua halijawa kali. Ukiuona, usichume. Hesabu vishada, basi.

Na usipouona, Bernadette, niandikie kwamba hukuuona. Nakujua. Utafikiria moyo wangu na vidonge vyangu vitatu, utasema moyoni kwamba mzee yuko mbali, ua moja kwenye barua halimdhuru mtu. Uliwahi kunisaidia hivyo, mbele ya mtu mwema, kwa sababu nilikuomba. Safari hii usinisaidie.

Msalimie Trésor, na umwambie sina neno naye, alibeba alichoagizwa kubeba. Msalimie Mama Élise, mjane wa kaka yetu, na wajukuu wote wanaolala kwake. Msalimie mzee katekista anayekuletea ushirika magoti yakikataa. Pita makaburini, umwambie Mama kwamba beseni lake bado linazungumzwa.

Ndani ya bahasha nimeweka mchoro wa mmea, nimeuchora kutoka kwenye vipande vitatu nikiviunganisha. Nimeweka pia vikaratasi viwili, kimoja cha Mulashi na kimoja cha Kipwili. Tarehe na jina la aliyefika nimeacha wazi, ni vya kwako kujaza. Kama hakuna kitu, usiviache vitupu. Andika "Nilifika, sikuona," tia sahihi, unirudishie. Nitavibandika mwenyewe, kando ya vyangu.

Kaka yako,
Anselme